Gharama ya Kuchelewa: Habari za Deni katika Nchi ya Mkulima

Wenzetu waliotutangulia katika kurasa za kijitabu hiki wamekwisha kuandika habari za kuundwa kwa Chama chetu Kikuu, za maghala na mizani, na za viongozi waliokitumikia kwa miaka hii kumi. Sisi tumepewa kazi isiyopendeza sana masikioni, nayo ni kuandika habari za deni. Hatukuikataa. Twaamini kwamba mwanachama wa huku kwetu Nyabusozi, ama awe mwenye kahawa na migomba upande wa Ngara, ama awe mwenye tumbaku au pamba upande wa Biharamulo, hawezi kufahamu kwa nini bei ya mazao yake hupungua njiani mpaka afahamu kwanza kwamba kila siku ya kuchelewa kulipa ina bei yake, na kwamba bei hiyo haipotei hewani. Yuko mtu anayeilipa. Tukiitazama historia ya ushirika kwa upande huu, tutaona ni historia ya kuuliza mtu huyo ni nani.

Deni si kitu kipya kwetu. Kabla fedha za Wajerumani na za Waingereza hazijaenea, watu wa Rusubi, Bugufi, Bushubi na Uzinza walikuwa wakidaiana ng'ombe, mbuzi na majembe. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Kirongo yalikuwa mali ya kweli, yakitolewa mahari na kubadilishwa kwa mifugo. Deni la namna hiyo halikuwa na karatasi wala muhuri. Lilikuwa na mashahidi. Mtu akichelewa kutimiza ahadi yake, habari zake zilisemwa penye pombe na penye matanga, na siku aliporudi kuomba tena alikuta mlango umefungwa, au alitakiwa alete mdhamini. Wako leo wanaonung'unika kwamba kuandikwa majina ya wadaiwa ni desturi iliyoletwa na mabenki. Hao, kwa maoni yetu, wamesahau yaliyokuwa yakisemwa penye pombe.

Mambo yaligeuka fedha zilipokuja pamoja na kodi na duka. Kodi ilidaiwa kwa siku yake, wala haikungoja mavuno. Duka lilikuwa na nguo, chumvi na mafuta ya taa miezi yote, bali mkulima alikuwa na fedha msimu mmoja tu. Kati ya mahitaji ya kila mwezi na mapato ya mara moja kwa mwaka ndipo alipoingia mkopeshaji, na mpaka leo ndipo anapokaa. Mwenye duka aliyetoa kitambaa kwa deni hakuandika riba katika daftari lake. Aliiweka ndani ya bei ya kitambaa, na tena ndani ya bei aliyonunulia mazao ya mdeni wake wakati wa mavuno. Mkulima alilipa riba mara mbili pasipo kuisikia ikitajwa hata mara moja.

Serikali ya Kiingereza iliyatazama hayo ikatunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, kwanza mwaka 1923 na tena mwaka 1931. Kwa sheria hiyo, mtu asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa mapatano yao yameandikwa na kukubaliwa na mkuu wa serikali wa mahali hapo. Ilisemwa kwamba ni kumlinda Mwafrika asinyang'anywe mali yake, na huenda wengine waliamini hivyo kwa moyo safi. Lakini deni lisiloweza kudaiwa kwa sheria halikomi. Hujificha, na mkopeshaji anayehofu kudhulumiwa huongeza bei ya hofu yake juu ya mkopo. Mabenki nayo yalitaka hati ya ardhi, na mkulima wa Kiafrika hakuwa na hati. Hata Benki ya Ardhi iliyoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili iliwafaa zaidi walowezi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na ardhi ya kuweka rehani.

Basi kwa muda wa kizazi kizima mkulima wetu hakuwa na njia ya kujenga jina la kuaminiwa mbele ya wenye fedha, hata kama alikuwa mwaminifu kuliko wote katika kijiji chake. Jambo hili la pili twaliona baya kuliko la kwanza. Mtu asiye na jina lolote katika daftari hutozwa sawa na mtu mwenye jina baya, maana mkopeshaji hana namna ya kuwatenga.

Ushirika uliingia katika pengo hilo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata kikaanza Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU. Kwa upande wetu wa Ziwa, wakulima wa kahawa wa Bukoba walipata chama chao kikuu mwaka 1950, na vyama vya wakulima wa pamba vikaungana mwaka 1955 katika Victoria Federation, ambayo msimamizi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani. Watu wengi hudhani kwamba kilichopiganiwa siku zile kilikuwa ni bei na mizani ya haki peke yake. Hayo yalikuwamo, lakini ilikuwamo pia tarehe. Mkulima aliyepokea fedha zake mbele ya mizani hakuwa na haja ya kwenda kuomba kwa mwenye duka, wala hakulazimika kumwuzia yule yule aliyemkopesha.

Waasisi wa ushirika huko Ulaya walilijua jambo hili mapema. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844 walishika kanuni ya kuuza kwa fedha taslimu tu, kwa maana walikuwa wameona jinsi madeni ya wateja yanavyoweza kuua duka. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, katika vijiji vya Ujerumani, alifuata njia nyingine. Yeye aliona kwamba mkulima hawezi kuishi pasipo mkopo, ila akataka wanachama wote wa kijiji wawe wadhamini wa kila mmoja kwa mali zao, ili kila mtu awe na sababu ya kumhimiza jirani yake alipe kwa siku yake. Njia hizi mbili zaonekana kupingana, lakini kwa hakika zote zatokana na kujua kwamba anayechelewa hula katika sahani ya mwenzake. (Hapa petu twaikumbuka kanuni ya Rochdale kila tununuapo umeme wa LUKU: fedha kwanza, mwanga baadaye, na hakuna anayemfuata mwenzake kwa deni.)

Baada ya Uhuru, Serikali ilitaka mkopo umfikie mkulima mdogo. Mwaka 1962 iliundwa Benki ya Ushirika, pamoja na shirika la mikopo ya kilimo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mabenki yakawa mali ya umma, na mwaka 1971 ikaanzishwa Benki ya Maendeleo Vijijini, TRDB, iliyokuja kuitwa CRDB mwaka 1984. Majina ni mengi, wala hatutamchosha msomaji kwa kuyapitia yote. Jambo la kushika ni namna ya kudai. Chama kilitoa mbolea, mbegu au dawa kwa deni, na kwa kuwa chama ndicho kilichokuwa mnunuzi pekee, kilikata deni hilo katika malipo ya mazao. Deni lililipwa penye mizani kabla mdeni hajazishika fedha.

Njia hiyo ilikuwa nyepesi mno, na wepesi wake ukaficha udhaifu wake. Mkulima hakujifunza kulipa, alijifunza kukatwa. Chama nacho hakikujifunza kumtambua mwanachama mwaminifu na asiye mwaminifu, kwa kuwa wote walikatwa sawasawa.

Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Wazee wengi huikumbuka miaka hiyo kwa kipande cha karatasi. Mkulima alipeleka mazao yake akarudi nyumbani na stakabadhi, akaambiwa angoje fedha, akangoja. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, bali vilirudi na mitaji midogo na mizigo mikubwa. Vilikopa benki ili kununua mazao. Mikopo mingi haikurejeshwa kwa wakati, riba ikaongezeka, na riba yenyewe ikageuka deni jipya linalozaa. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya mgao wa kahawa yakavunjika, na bei ikaporomoka. Mwaka 1991 Serikali ilitunga sheria mpya ya mabenki, na pamoja nayo chombo cha kukusanya madeni mabaya, LART. Tangu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa kwa mkulima.

Hapo ndipo udhaifu tuliousema ulipojitokeza wazi. Mkulima aliyechukua dawa kwa chama chake aliiuza kahawa kwa mnunuzi mwingine aliyefika mlangoni na fedha mkononi, na chama kikabaki na daftari. Twajua kwamba katika mikutano mingi mkulima huyo huitwa mwizi. Sisi hatumwiti hivyo, ijapokuwa hatumsifu. Mnunuzi yule alimlipa siku ile ile, na chama kingalimlipa baada ya miezi miwili au mitatu. Chama kilichoshindwa kumlipa mwanachama kwa wakati ndicho kilichomfundisha mwanachama kutokukilipa.

Yatupasa sasa tuseme habari za butura, kwa kuwa hakuna jambo katika Mkoa wa Kagera linaloonyesha bei ya kuchelewa waziwazi kuliko hilo. Butura ni kuuza kahawa ingali ua juu ya mti, au ingali punje changa, kwa mtu anayetoa fedha leo ili aje achukue magunia wakati wa mavuno. Mamlaka za Serikali zimeipiga marufuku mara nyingi, na viongozi wakuu wamekuja Kagera kuikemea. Lakini butura haikomi kwa kukemewa, maana aliyeiuza kahawa yake hakuwa mjinga. Alikuwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali, au mtoto wa kununuliwa sare, au matanga ya kugharimia, na hakuwa na mahali pengine pa kupata fedha kwa siku moja.

Tufanye hesabu yake. Tuseme mkulima amepokea shilingi 60,000 kwa gunia ambalo baada ya miezi minne lingeuzwa kwa shilingi 120,000. Amelipa shilingi 60,000 kwa kutumia shilingi 60,000 kwa miezi minne. Hiyo ni riba ya 100 kwa mia kwa miezi minne, yaani 300 kwa mia kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kuyawezesha mabenki kukopesha kilimo kwa riba isiyozidi 10 kwa mia kwa mwaka, na baadhi ya mabenki yakashuka hata 9. Kwa riba hiyo ya 9, shilingi 60,000 zile kwa miezi minne zingedai riba ya shilingi 1,800. Gunia lile lile, mkulima yule yule, mahitaji yale yale: mmoja analipa 1,800, mwingine 60,000. Tofauti ya shilingi 58,200 ndiyo thamani ya kuaminiwa. Hatujui shamba lolote linalozaa namna hiyo.

Mtu atauliza, ikiwa riba ya benki ni ndogo hivyo, kwa nini watu wanakwenda kwenye butura? Jibu lake lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba benki haimpi kila aombaye. Humpa yule ambaye habari zake zajulikana. Sehemu ya pili ni kwamba bei ya mkopo hupangwa na wale wasiolipa, ikalipwa na wale wanaolipa. Jambo hili husemwa mara nyingi pasipo kuelezwa, basi tulieleze kwa tarakimu. Tuseme chama cha akiba na mikopo kimewakopesha watu 100 shilingi 100,000 kila mmoja, jumla shilingi 10,000,000. Kumi hawakurudisha kitu. Ili chama kizipate tena zile milioni 10, kila mmoja wa wale 90 waliobaki lazima alipe shilingi 111,111. Hapo hatujahesabu mshahara wa karani, wala faida ya wenye akiba, wala kalamu ya kuandikia. Riba ya zaidi ya 11 kwa mia imekwisha kuingia kwa ajili ya wale kumi tu. Na mtu asidhani kwamba anayechelewa pasipo kukataa kulipa hana madhara. Kwa taratibu za mabenki, mkopo uliopitisha siku 90 pasipo kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo mbaya, na benki hulazimika kutenga fedha kwa ajili yake. Fedha zilizotengwa hazikopeshwi kwa mwingine. Katika mwaka 2017 mikopo ya namna hiyo nchini ilipita 10 kwa mia ya mikopo yote ya mabenki, na mabenki yakawa yanaogopa kukopesha hata watu wema.

Hesabu hiyo hiyo yahusu Chama Kikuu nacho. Tuseme kimekopa shilingi 1,000,000,000 kwa riba ya 15 kwa mia kwa mwaka ili kununulia kahawa kilo 400,000 kwa shilingi 2,500 kila kilo. Kila mwezi unaopita kabla mkopo haujarudishwa ni shilingi 12,500,000 za riba. Zigawanye kwa kilo zile, utaona kwamba mwezi mmoja wa kuchelewa, ama umesababishwa na mnunuzi, ama na gari lililoharibika barabarani, ama na mwenyekiti aliyesafiri pasipo kutia sahihi, wachukua shilingi 31 na senti 25 katika kila kilo ya mkulima. Miezi mitatu ni karibu shilingi 94. Mkulima ataambiwa kwamba bei ya dunia imeshuka. Pengine imeshuka kweli. Lakini zile 94 hazikushushwa na dunia.

Mkoa wetu umewahi kuonja namna nyingine ya jambo hili. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za mabenki matano yaliyokuwa na mitaji isiyotosha, na moja kati ya hayo ilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Benki haifi kwa sababu moja, wala hatupendi kumtupia mtu lawama kwa kubahatisha. Twasema tu kwamba mkoa wenye wakulima wa kahawa wengi namna hii ulibaki pasipo benki yake wenyewe ya ushirika, na kila mwenye kutaka mkopo akalazimika kujitambulisha upya kwa wageni. Mwaka huo huo wa 2018 Serikali iliagiza kahawa yote ya Kagera ipitie katika vyama vya ushirika. Lilikuwa jambo la kutia moyo. Hata hivyo wakulima wengi wa mkoa walilalamika katika msimu ule kwamba malipo yao yamechelewa, na ikawa agizo lililokusudiwa kuvunja butura limewarudisha wengine huko huko.

Sasa tufike kwa mwanachama mwenyewe na jina lake. Katika mwaka 2012 zilitungwa kanuni za Benki Kuu zilizoanzisha kanzidata ya taarifa za wakopaji, na ofisi zenye leseni za kuzichambua taarifa hizo. Tangu hapo, mkopo anaoupata mtu katika benki moja huonekana na benki nyingine. Huandikwa kiasi alichokopa, siku alizotakiwa kulipa, na siku alizolipa. Mwanachama akichelewa miezi minne kulipa mkopo wa pikipiki alioupata mjini Biharamulo, na baadaye aende Ngara kuomba mkopo wa mbegu, ofisa wa mikopo ataiona ile miezi minne kabla hajaona uso wake. Atamnyima, au atampa kidogo, au atamtaka mdhamini, au atampandishia riba. Na deni likiwa limekwisha kulipwa lote, habari za kuchelewa hubaki zimeandikwa kwa muda baada yake. Dawa ya deni ni kulipa, wasema wahenga; daftari hili jipya laongeza sharti la siku.

Wengi wameliona daftari hili kuwa adui. Sisi twalitazama kwa macho mengine, tukikumbuka tuliyoyasema juu ya sheria ya 1931. Daftari hili huandika mema kama linavyoandika mabaya. Mjane mwenye ekari moja ya kahawa aliyelipa mikopo mitatu midogo kwa siku zake ana kitu ambacho babu yake hakuweza kukipata kwa jasho la maisha yake yote, yaani jina jema lililoandikwa mahali ambapo mwenye fedha ataliona, pasipo hati ya ardhi. Naye anayo haki ya kuomba aonyeshwe yaliyoandikwa juu yake, na kutaka yasahihishwe ikiwa yana kosa. Makosa hutokea. Majina yetu hufanana, na karani wa mjini hajui kutofautisha watu wawili wa ukoo mmoja.

Katika siku hizi mikopo imeingia hata ndani ya simu. Mwaka 2014 ilianza M-Pawa, na nyingine zikafuata. Mkopo wa simu ni mdogo na huja upesi, na kwa sababu hiyo mtu huudharau. Akiacha kulipa shilingi 20,000 za simu huona ni kama kusahau deni la soda. Lakini mkopo wa simu uliotolewa na benki ni mkopo wa benki, nao huandikwa. Wako tena wale wakopeshaji ambao watu wamewaita kausha damu, na jina hilo halikutoka bure. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewataka wote wawe na leseni, na Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wadogo ukomo wa riba wa 3.5 kwa mia kwa mwezi, ambao kwa mwaka ni 42 kwa mia. Mwenye jina jema hana haja ya kwenda huko. Anayekwenda huko kwa kawaida ni yule aliyekwisha kufungiwa milango mingine, au yule ambaye fedha zake mwenyewe zimekawia mahali.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Mkulima aliyepeleka kahawa yake chamani, akashika stakabadhi yake, akaahidi benki kwamba atalipa tarehe 30, kisha asilipwe na chama mpaka mwezi wa tatu baadaye, huyo ameandikwa kuwa mchelewaji. Daftari halikuandika kwamba alikuwa na kilo 800 ghalani. Halikuandika kwamba aliuliza kila wiki akaambiwa arudi wiki ijayo. Chama kilichochelewa kimeharibu jina la mtu asiyechelewa, na msimu ujao mtu huyo atakopa kwa bei ya juu, naye hatajua kwamba anailipa bei ya kuchelewa kwa chama chake. Twaandika haya katika kijitabu cha furaha kwa sababu viongozi wote watakisoma, na kwa sababu miaka kumi yatosha kwa mtu mzima kuambiwa ukweli.

Yako mambo yaliyomo katika uwezo wetu pasipo kungoja mtu. Stakabadhi ya mazao yaweza kuandikwa siku ya kupokea mzigo na pia siku ambayo mwanachama ataahidiwa fedha zake, na sahihi ya aliyeahidi. Siku hiyo ikipita, chama cha msingi kinaweza kumpa mwanachama barua ya kupeleka benki, ikieleza kwamba fedha zake ziko njiani na kiasi chake. Na ofisa wa mikopo aliyepata barua kabla ya siku ya malipo hupata nafasi ya kupanga upya tarehe, ambayo hana akiletewa maelezo baada ya siku 90. Mwanachama kwa upande wake akubali kwamba deni la pembejeo litasomwa mbele ya mkutano wa chama cha msingi kwa jina na tarehe, kama zamani penye pombe, na wanaolipa kwa siku zao nao wasomwe, maana katika mikutano yetu tumezoea kuwasikia wabaya tu. Kadhalika deni la Chama Kikuu kwa wanachama lisomwe siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale, kabla ya deni la wanachama kwa Chama.

Tarehe 28 Aprili 2025 Benki ya Ushirika ya Tanzania ilizinduliwa Dodoma, na vyama vya nchi nzima vimealikwa kununua hisa. Itatuuliza hesabu zetu za miaka hii kumi, mwezi kwa mwezi. Tumeiomba Halmashauri iliweke jambo la stakabadhi na barua katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, nasi twataraji litajadiliwa kabla mizani haijafunguliwa.